Yaya Nadège na nukta iliyofifia

Mkono wangu bado haujakubali. Tangu Jumapili nimemwandikia kwenye simu mara nne "Yaya, alerte imeingia!", halafu ninafuta. Yaya Nadège hayupo tena. Malaria ya siku tatu tu. Mon Dieu.

Kwa wasiomjua: alikuwa jirani yetu hapa Kampemba, nikimwita yaya kama dada mkubwa, mwanafunzi wa fizikia, na mtu pekee niliyeweza kuongea naye bila kuangalia chini.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba nyota kubwa ikifa inaweza kurusha miale ya gamma kwa sekunde chache. Baadaye hubaki mwanga hafifu, na darubini iliyo angani huukimbilia kabla haujazimika. Alerte, yaani taarifa ya haraka, huingia kwenye simu, na picha za darubini hiyo ziko wazi kwa kila mtu mtandaoni. "Hata kwetu siye, mudogo!"

Courant ikikatika, laptop nayo inakufa. Kwa hiyo tulichapisha picha kwa papa wa fotokopi, mzee mwenye mashine, nyota zikiwa nukta nyeusi. Tunaweka ya zamani na mpya kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, tunatafuta nukta iliyozidi.

Mara ya kwanza tuliipata, tukaruka, tukapiga kelele. Kumbe ni tone la wino la mashine!

Yaya akarudi mbio kwa yule mzee. "Papa, mashini yako iko nazala manyota!"
"Basi leta jina, tubatize."

Tangu siku ile kila picha ilichapishwa mara mbili, wino usitudanganye tena.

Mwezi uliopita ikaja ya kweli. Picha ya kwanza, nukta. Picha ya kesho yake, nukta ileile, imefifia. Niliiona mimi, nikaweka kidole tu. Yaya akakaa sakafuni. Wenye darubini walikuwa wameshaitangaza, lakini hakujali. Aliandika jina langu pembeni ya karatasi.

Jana kwenye kilio, msibani kwao, nikamkuta mama mkubwa wa Yaya akiwasha mbabula, jiko la makaa la chai, kwa karatasi zetu. Nne zilikuwa zimeshaungua. Wamama wamejaa uwanja mzima, na mimi ndiye yule ambaye shuleni alikubali sifuri kuliko kwenda ubaoni.

"Mama mukubwa, hapana!"

"Kumbe huyu mutoto iko na sauti? Ni makaratasi ya matone tu."

Nikainua ile yenye jina langu. "Hii tone ni nyota yenye ilikufa, mama. Mwangaza yake ilitembea miaka mamilioni. Nadège njo yeye alikuwa anaitafuta."

Nikaeleza yote, karatasi juu ya karatasi. Mama yake Yaya akainuka, akazipeleka mwenyewe dirishani.

"Ni wapi?"
Nikamwonyesha.
"Na sasa ilizimika?"
"Ndiyo, mama."

Akaitazama sana. Akazikunja polepole, akazifunga ndani ya kitenge chake. "Njoo ukae huku karibu yangu."

Yaya, niliongea mbele ya watu wote. Ungecheka mpaka machozi.

Pumzika, yaya wangu. Miye bado sijatulia.