Nilikalia Blanketi la Mgonjwa

Juzi katika wadi moja hapa Nyeri, kando ya kitanda cha mume wangu, alilala kijana aliyeanguka na pikipiki, hana fahamu, kifua wazi, vitambaa vya maji baridi kwapani. Shangazi yake akamfunika blanketi hadi kidevuni.

Nesi akalifunua. "Mama, ubongo umevimba na homa iko juu. Joto litauharibu. Lazima tumpoze."

"Ati baridi ya Julai ndiyo dawa? Na nimonia je?"

Nesi alipogeuka tu, blanketi likarudi, na shali juu yake. Sisi wa mlimani tukikatazwa kumfunika mgonjwa, hatujui kumpenda vingine. Nililivuta, nikalikalia.

"Wewe mama hauna huruma!"

"Sina. Yako inamchemsha kijana."

Akaomba kwa sauti Mungu anisamehe. Nikaitikia amina, lakini sikuinuka.