Visu Tisa, Sauti Nane

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, Njeri mwanangu, na juzi mchana umenirudisha pale pale. Keti. Zima hiyo grainda, weka simu kando. Mimi baba yako nimekasirika, na usianze kuniambia nipunguze hasira kwa sababu ya presha. Presha ni yangu.

Visu vyako tisa viko hapo mezani, umevipaka mafuta, umevifunga kwa gazeti, na kesho asubuhi vinaenda Olkaria kwa yule mama anayepikia wafanyakazi wa mitambo ya umeme wa mvuke. Ana wapishi tisa, kila mmoja atapata chake. Vinapendeza, sikatai. Mipini ya mti wa mutamaiyo umeisugua mpaka inateleza mkononi. Tangu nikuachie kibanda hiki sijaona ukitengeneza kazi safi kama hii. Lakini kimoja kati ya hivyo tisa kina ufa. Wewe unakijua, na mimi najua kwamba unakijua. Usinijibu bado. Nimekaa siku mbili nikingoja uje kuniambia mwenyewe, na hukuja, kwa hivyo leo ni zamu yangu kuongea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitoka kwetu Subukia na mashati mawili, nikaja hapa Nakuru kufanya kazi kwa Mzee Mutiso, fundi wa visu. Alikuwa Mkamba mfupi, mpole, mtu wa kuongea kidogo. Kibanda chake kilikuwa cha mabati matupu, na mahali pa kufulia chuma palikuwa kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye udongo. Ndicho hicho hapo mlangoni. Tulikata springi za malori mazee, tukazichoma, tukazifua mpaka zikawa visu. Kazi yenyewe unaijua, nimekufundisha mimi. Lakini mambo mawili nitayarudia, kwa sababu inaonekana nilipokuambia ulikuwa umelala.

La kwanza. Kisu kikitoka motoni na kuzamishwa kwenye oili, chuma kinakuwa kigumu lakini hakina uvumilivu. Hakinyooshwi hata kidogo. Kinarudishwa kwanza kwenye mchanga wa moto, polepole, mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu, ndipo kitulie. Kama kimepinda, unakichoma upya kabisa na kuanza tena. Siku yako imepotea, basi, unakunywa chai na unaanza tena.

La pili. Kabla ya kutiwa mpini, kila kisu kinafungwa kamba, kinaning'inizwa, kinagongwa na bolti ndogo. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Na Mzee Mutiso alikuwa na desturi yake, ambayo mimi pia nimeishika mpaka leo. Aliyetengeneza ndiye anayegonga, na mzee anageuka, anaangalia ukuta. Hatazami. Anasikiliza tu, anahesabu kwa vidole. Alisema macho hupendezwa na kisu kizuri upesi mno, ndiyo maana ameyapeleka ukutani.

Basi akaja mteja kutoka Ndabibi anaitwa Parsaloi. Kijana wa rika langu, Mmaasai mrefu, mtu wa mzaha. Alikuwa anafungua buchari yake ya kwanza na alitaka visu saba. Kila akipita mjini alikuja kunichokoza. "Fundi, nitengenezee kisu ambacho ng'ombe akikiona anavua ngozi mwenyewe." Nilimpenda sana. Nikajigamba kwake kwamba ifikapo Ijumaa visu vyote saba vitakuwa tayari, kama vile wewe ulivyokwisha kupiga picha ya visu tisa na kumtumia yule mama hata kabla havijamaliza kupoa.

Alhamisi kimoja kikatoka kwenye oili kimepinda. Si sana. Unene wa unga wa mkaa kwenye kidole. Mzee alikuwa ametoka kutafuta mkaa. Nikajua la kufanya, mwanangu, usidhani sikujua. Nilijua vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nikakibana kwenye vaisi kikiwa baridi, kabla hakijarudishwa kwenye mchanga, nikakivuta. Kikasema tik. Kasauti kadogo tu, kama mtu anayevunja kijiti cha kibiriti. Nikasimama nikakitazama. Sikuona kitu. Nikakipitisha kwenye mchanga pamoja na vingine, nikakipiga msasa, na kilipong'aa nikajiambia labda iliyolia ni vaisi.

Lakini nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu jioni tulipaswa kugonga. Mzee akarudi, akanawa mikono, akageuka ukutani. Nikagonga cha kwanza, kikalia. Cha pili, cha tatu, cha nne. Mkono ukafika cha tano, ambacho ndicho kile, na nikaogopa. Nikarudi nyuma nikagonga cha nne tena. Kisha cha sita na cha saba. Saba zimelia. Mzee akabaki ameangalia ukuta kwa muda, vidole saba vimekunjwa, halafu akasema, "Haya, tia mipini."

Ijumaa Parsaloi akaja akavichukua, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikacheka.

Wiki ya tatu akaja kaka yake, amebeba kitu kwenye karatasi ya nyama. Ndani kulikuwa na mpini wenye kipande cha chuma, na kando yake bapa la kisu lililobaki. Alituambia Parsaloi alikuwa anatenganisha mguu wa fahali. Aliingiza kisu kwenye kiungo, akakizungusha kama mchinjaji yeyote anavyofanya, kikakatika karibu na mpini. Mkono ukateleza mbele ukaingia kwenye chuma kilichobaki. Mishipa ya vidole vitatu vya mkono wa kulia ilikatika. Hospitali wakashona walichoweza. Vidole hivyo havijakunjika tena.

Mzee Mutiso alichukua vile vipande akaenda navyo kwenye mwanga. Mahali kilipokatika, nusu ilikuwa inang'aa, chuma kipya. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi. Ufa wa zamani, umeshapitia mchanga wa moto kabla hata kisu hakijatoka hapa. Akaniita.

"Ulisikia?"

"Sikusikia kitu, mzee."

Nilitegemea anipige. Ningefurahi kama angenipiga. Aliweka vile vipande kwenye reli taratibu, akasema, "Mimi nilisikia. Kisu cha nne na cha tano vilikuwa na sauti moja. Nikajiambia, Mutiso, umezeeka, masikio yamekwisha. Nikayakataa masikio yangu, nikakuamini wewe."

Njeri, sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Sikuwa na pa kuangalia.

Halafu akasema, "Sikufukuzi. Nikikufukuza utaenda kumfanyia mwingine. Lakini kuanzia leo, ukigonga, mimi sigeuki."

Na hakugeuka. Nilifanya kazi naye miaka kumi na moja mingine. Akawa anawageukia ukuta wengine wote, hata waliokuja nyuma yangu, hata mmoja aliyekuwa mlevi. Mimi nikigonga, anavuta kiti, anakaa, ananiangalia mikono. Alinipa chakula chake, alinisaidia kuoa, aliniachia hata hiyo reli. Mgongo wake hakunipa tena mpaka tulipomzika.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako hakulijua, Mungu amlaze pema. Mzee alinipeleka Ndabibi kumwona Parsaloi. Tukamkuta amekaa nje, mkono umefungwa. Mzee akamwambia, "Kosa limetoka kwangu kibandani." Kisha akaniangalia, akinipa nafasi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Chuma kilikuwa kibaya." Chuma kilikuwa kizuri. Kibaya kilikuwa mimi. Na Parsaloi, na mkono wake ule, akanituliza mimi. "Ni chuma tu, fundi. Wewe ungejuaje?"

Tumezeeka sote. Ile buchari aliiachia kaka yake, yeye akarudi kuchunga mbuzi za baba yake. Nikienda pande zile ananisalimia kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haushiki. Na unajua wazee wetu walivyo kuhusu mkono wa kushoto. Kwa hivyo kila mara anasema samahani. Umenisikia vizuri? Yeye ndiye anayeniomba msamaha mimi, na mimi nimekuwa nikiupokea huo mkono miaka hiyo yote na kusema si neno.

Ndiyo nina hasira. Nina hasira na huyo kijana wa Subukia kila siku ninayoamka. Na juzi, nimekaa hapa nimekugeukia ukuta kama kawaida, unagonga, ninahesabu. Tano zikalia. Ya sita ikalia. Ya saba ikalia, na ilikuwa sauti ya sita. Kila kisu kina sauti yake, mwanangu, hata vikikatwa kwenye springi moja. Nikahesabu tisa kwenye vidole na nane kwenye masikio. Na wewe ukasema kwa furaha, "Zote sawa, baba?" Nikainuka nikatoka nje, kwa sababu nilitaka kulia. Wewe, Njeri, ambaye hata ukiwa mdogo ulikuwa unakuja kunionyesha kikombe ulichovunja.

Usiniambie mimi ni mzee na masikio yangu yamechoka. Hayo ndiyo maneno Mzee Mutiso alijiambia, na angalia yalipomfikisha Parsaloi. Mimi masikio yangu nayaamini.

Sikia basi ninachokuambia, nami sitakirudia. Wapishi tisa. Umekwishamchagua yupi wa kupewa chenye ufa? Ni yule mwenye mtoto mchanga au yule anayelisha wazazi? Hujui, wala hukutaka kujua, ulitaka tu idadi itimie. Kazi ya mikono haitaki uwe mtu asiyekosea. Chuma kitapinda mbele yako mpaka siku utakayokufa. Inataka ukisikia tik useme nimesikia, siku hiyo hiyo, kwa sauti, hata kama mteja amesimama mlangoni na gari linanguruma. Ukinyamaza siku ya kwanza, siku ya pili inakuwa ngumu zaidi, na mimi hapa nimefika uzeeni bado sijasema. Mpigie yule mama, mwambie vinaenda vinane na cha tisa kinakuja wiki ijayo. Atafoka. Mwache afoke, ana vidole vyote.

Na Jumamosi utanipeleka Ndabibi. Nitamwambia Parsaloi kilichotokea, mbele yako. Akinifukuza, utanirudisha nyumbani. Akininyooshea ule mkono wa kushoto, safari hii mimi ndiye nitakayesema samahani. Nilipaswa kwenda kabla hujazaliwa, na sina haki ya kukukemea leo kama sitaenda.

Mungu akubariki mwanangu. Aibariki mikono yako yote miwili, ifunguke na ikunjike mpaka uwe bibi wa watu. Aibariki mikono ya kila atakayeshika kazi yako bila kukujua. Na akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosea, ule ambao mimi sikuwa nao.

Nyundo iko hapo kwenye reli, na kisu unakijua. Kivunje. Sitakuangalia. Mimi nageuka ukutani, nasikiliza.