Mtoto Mdogo wa Mwaka wa Ukame

Zamani, kabla barabara ya Lodwar haijawekwa lami, nilinunua redio kwa duka la Msomali mmoja. Kiswahili kilikuwa bado kinanishinda, lakini niliipenda. Mbuzi nao waliizoea, nikiiwasha wanakuja. Siku moja ikasema mvua kubwa iko njiani, tukahama kuifuata. Haikuja. Sikuikasirikia redio, niliwakasirikia watu wa ndani yake.

Huu ukame wa juzi hakuna aliyetudanganya. Mvua ilikosa, ikakosa tena. Mbuzi wengi wakamkataa beberu. Mkwe wangu akapeleka mifugo upande wa Uganda, akamwacha binti yangu kwangu, hapa nje ya Kakuma. Binti alikuwa ameacha kuona damu ya mwezi. Mama yake aliniambia, ingawa si mambo ya kuambiwa mzee. Tukasema ni njaa, maana wanawake wengi walikuwa hivyo.

Kumbe ilikuwa ni mimba. Ilianza lini? Hapo kichwa kinazunguka mpaka leo. Mwanamke huhesabu kutoka damu ya mwisho, na yake labda njaa iliikata mapema, kabla ya mimba. Nani ajue?

Akajifungulia hospitali. Mtoto mdogo, mkono kama kidole changu. Siku hizo hizo mkwe akarudi bila mifugo. Akamtazama mtoto, akamuuliza nesi, "Huyu amezaliwa mapema, au ni njaa imemfanya mdogo?"

Nikaelewa. Kama ni njaa, mimba iliingia kabla hajaondoka. Kama ni mapema, yeye alikuwa Uganda.

"Inaweza kuwa njaa," nesi akasema. "Inaweza kuwa mapema. Inaweza kuwa yote."

"Na umesoma."

"Nimesoma. Lakini mama hana tarehe."

"Ni wako," binti akasema kitandani. "Kwa nini unamuuliza yeye na mimi niko hapa?"

Mkwe akanigeukia. "Baba, unasemaje?"

Nilitaka kusema ni wake. Nikajikuta nasema hata mbuzi wachache waliozaa mwaka huo walizaa vitoto vidogo hivyo hivyo.

"Mbuzi," akasema, kisha kwa lugha yetu, "Ejok, baba. Ni sawa."

Akamwekea mtoto kidole kiganjani, mtoto akakishika. Akakichomoa polepole, akaokota kigoda chake cha kukalia, akapita getini. Hakurudi.