Siku Mayasa Aliposhuka Botini

Mayasa hapendi kuulizwa habari za Ugiriki. Ukikaa kwenye kibanda chake pale Mayfair, Johannesburg, anakokaanga sambusa na bajia, atazungumza nawe lolote: umeme uliokatika jana, hotuba ya Ijumaa, watoto wa jirani wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu kwa Kizulu. Lakini mtu akisema, "Dada Mayasa, hebu tuhadithie Ulaya ulivyoiona," uso unabadilika na upawa unagongwa kwenye ukingo wa karai kwa kishindo. Wageni hudhani ni maringo. Sisi tunaokaa naye mtaa mmoja tunajua ni hasira, na tunajua ilikotoka.

Kwao ni Tanga, Chumbageni. Alilelewa na mama yake mdogo, Bi Chiku, pamoja na mtoto wa Bi Chiku aitwaye Fahad, ambaye Mayasa alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Fahad alipokua akaja Johannesburg, akafungua duka la jumla la mapazia na mashuka huko Fordsburg, akafanikiwa, akanunua nyumba Kensington, akamleta mama yake. Mayasa naye akafuata baadaye, akapanga chumba Mayfair, akaanza biashara yake ya kukaanga. Walikuwa wakitembeleana vizuri tu, kindugu.

Halafu Bi Chiku akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno yakapotea. Mayasa alifunga kibanda akahamia Kensington. Alimwogesha mama yake mdogo, akamgeuza kitandani asiote vidonda, akamnywesha uji kwa kijiko. Fauzia, mke wa Fahad, hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa ugonjwa. Alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Wifi, ameamkaje leo?" kisha anaondoka kabla hajajibiwa. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, mpaka Bi Chiku alipofariki.

Siku ya arobaini Fahad alilia mbele ya watu. Alimshika Mayasa mkono akasema, "Huyu ndiye aliyemlea mama yangu. Mimi sijui nimtendee nini."

Haikupita miezi mingi akampigia simu. "Dada, mwezi wa saba tunakwenda Ugiriki. Tumekodi yoti, tutazunguka visiwani. Na wewe unakuja. Hutashika hata kijiko. Safari hii wewe ni mgeni wangu."

Mayasa aliutangazia mtaa mzima. Alishona mabaibui mawili mapya. Marthe, msusi kutoka Bukavu mwenye saluni mlango wa pili, alimsuka nywele huku akimwambia, "Ukifika kule, maman, ukae tu. Miguu juu. Umechoka sana na ile kazi ya mugonjwa."

Kwenye yoti walikuwa Fahad, Fauzia, kaka yake Fauzia aitwaye Mahmoud, Mayasa, na nahodha Mgiriki waliyekodishiwa pamoja na chombo. Asubuhi ya kwanza Fauzia alimtazama kwa tabasamu. "Wifi, tutengenezee chai basi, ile yako ya tangawizi. Hakuna anayeiweza." Mayasa akatengeneza, chai ni nini? Kesho yake ikawa chai na chapati. Keshokutwa ikawa chakula cha mchana na vyombo, huku wenzake wamelala juani juu ya sitaha. Kila ombi lilikuja na sukari yake: "wifi mpenzi," "dada yetu," "mikono yako hiyo." Jikoni mle mlikuwa na joto, na nafasi yake ndogo kama ya kabati. Alijiambia kwamba hawa ni ndugu zake, na ndugu hawahesabiani vikombe. Lakini usiku, akilala kwenye kitanda chembamba kilichokuwa karibu na jiko, moyo ulianza kumchemka.

Ndipo wakafika kwenye kile kisiwa.

Bandari yake ilikuwa ndogo: gati la mawe lililojipinda kama mkono, mashua za wavuvi upande mmoja, yoti za wageni upande wa pili, na nyuma yake nyumba nyeupe zilizopandana mlimani. Kule chombo hakifungwi ubavu. Nahodha huangusha nanga mbali kidogo na nchi kavu, kisha hurudi kinyumenyume taratibu mpaka tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, likaribie gati. Hapo kamba mbili hurushwa, watu walioko gatini huzifunga kwenye vigingi vya chuma, na ubao hulazwa kutoka botini hadi kwenye mawe uwe njia ya kushukia.

Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kutoka ubavuni. Fahad alishika kamba moja, Mahmoud nyingine, na Mayasa akapewa mpira mkubwa wa kukinga chombo kisigongane na jirani. Mahmoud alirusha kamba yake vibaya, ikaangukia majini. Tezi likaanza kuvutwa na upepo kuelekea yoti ya pembeni.

"Wifi, sukuma!" Fauzia alipiga kelele. "Sukuma!"

Mayasa aliuingiza mpira katikati akasukuma kwa mwili wake wote, mpaka Mahmoud alipoivuta kamba na kuirusha tena. Mwanamume mmoja gatini akaidaka, akaifunga. Ubao ukalazwa. Mayasa alikuwa anatoka jasho na alikuwa anacheka. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Johannesburg alijiona na yeye yumo safarini. Alikwenda kwenye kikapu walichokuwa wakiwekea viatu, akainama kutafuta vyake.

"Wifi, wewe baki kidogo," Fauzia akasema. "Boti haiachwi peke yake."

"Nahodha je?"

"Nahodha anakwenda kuonana na watu wa bandari. Anarudi sasa hivi. Tutakuletea chakula."

Mayasa alimtazama Fahad. Fahad alikuwa anaweka sawa kola ya shati lake. "Ni muda mfupi tu, dada," alisema bila kuinua uso.

Wakavuka ubao, wakaondoka. Hawakwenda mbali. Waliketi kwenye mgahawa wa kwanza palepale gatini, chini ya turubai la buluu, na Mayasa aliwaona vizuri sana. Aliona mkate ukiletwa, akaona samaki, akamwona Mahmoud akinyoosha mikono kuonyesha jinsi alivyorusha kamba.

Jua lilikuwa bado kali ilipoingia yoti nyingine, kubwa kuliko yao. Nanga yake iliangukia juu ya mnyororo wa nanga yao. Wale watu walipoona wamekosea wakaivuta juu, na katika kuivuta wakaing'oa na nanga ya kina Mayasa. Chombo kikalegea, na upepo ukaanza kukirudisha polepole kuelekea mawe. Ubao wa kushukia ukaanza kusaga gatini kwa sauti ya kutia meno ganzi. Watu wa yoti kubwa walimpungia Mayasa mikono na kumpigia kelele kwa lugha asiyoijua. Hakujua pa kubonyeza wala kamba ya kuvuta.

Alichukua simu akampigia Fahad.

Alimwona Fahad akiitoa simu mfukoni. Alimwona akikitazama kioo. Kisha akamwona akiilaza mezani kifudifudi na kuchukua kipande cha mkate.

Akapiga tena. Fauzia akaitupia jicho ile simu iliyokuwa ikitetemeka kando ya sahani, akasema neno, wote watatu wakacheka.

Tezi liligonga mawe. Bakuli zikaanguka jikoni. Mayasa aliliita jina la Fahad kwa nguvu zake zote, lakini upepo uliipeperusha sauti kando. Ubao ulikuwa umepinda na kuchomoka upande mmoja. Akajifunga baibui kiunoni, akaruka.

Mguu mmoja ulitua juu ya jiwe. Mwingine uliteleza ukaingia kati ya chombo na gati. Mzee mmoja aliyekuwa akiparua samaki karibu na hapo alimdaka mkono akamvuta kwa nguvu, na mara tu alipotoka tezi likagonga tena mahali palepale mguu wake ulipokuwa. Alikuwa amechunika kutoka kifundo cha mguu hadi gotini. Yule mzee alikuwa anamgombeza mtu ambaye hakuwepo, akinyooshea kidole yoti iliyoachwa.

Mayasa alitembea mpaka mgahawani peku, baibui limelowa, damu inachuruzika. Fahad alisimama alipomwona.

"Dada! Sasa boti umemwachia nani?"

Mayasa alisimama mbele ya meza yao. Aliongea Kiswahili, kwa sauti ya kufika baharini, na wageni wa meza zote wakaacha kula.

"Nimemwachia mgeni wako, Fahad. Yule uliyesema hatashika kijiko. Nilimgeuza mama yako kitandani miaka na mikaka, hukusikia nikiguna. Leo nakupigia simu nakaribia kukatika mguu, unailaza simu chini na unakula mkate!"

"Wifi, punguza sauti," Fauzia akasema. "Unatuaibisha mbele za watu."

"Aibu? Mlioniacha nilinde chombo kama mbwa ndio mnaosema aibu?"

Nahodha alikuwa ameshasikia kelele za gatini, akapita mbio kwenda kukiokoa chombo. Mahmoud alimfuata. Fahad alibaki amesimama akiitazama damu kwenye mguu wa dada yake, kisha akaitazama yoti, kisha mguu.

Mwenye mgahawa alimkalisha Mayasa kiti akamletea maji na kitambaa safi. Mama mmoja muuza mikate, mjane aliyejua maneno machache ya Kiingereza, akampa chumba juu ya duka lake. Mahmoud alimletea begi lake na pasipoti. Kesho yake asubuhi Fahad alikuja mlangoni. "Twende, dada. Watu watasema nini?" Mayasa alimjibu kupitia mlango uliofungwa kwamba watu waseme watakalo, botini hapandi. Wakang'oa nanga bila yeye.

Siku zilizobaki alikaa pale, mpaka siku ya kupanda meli ya abiria kwenda Athens kupanda ndege. Ukimuuliza kisiwa kilikuwaje hana la kukuambia, kwa sababu hakukiona. Alikuwa akizunguka gatini akichechemea, na kila yoti ilipofunga kamba alisimama kuangalia kama wote waliokuwemo wanashuka.

Alipofika Mayfair, maneno ya Fauzia yalikuwa yameshafika. Ilisemwa kwamba Mayasa alikiacha chombo kikagonga mawe, akawatukana waliomlisha, akawakimbia ugenini. Wateja walimlaumu huku wakipokea sambusa. Salum, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kwenye kona karibu na robot, zile taa za barabarani, alimwambia waziwazi: "Eish, dada Mayasa, mtu anakupeleka Ulaya, hata ukipika chai kuna ubaya gani?"

"Chai haina ubaya," Mayasa akamjibu. "Nenda ukadanganywe kwanza kwamba wewe ni mgeni, ndipo uniulize." Na siku ile hakumuuzia kitu.

Fahad alikuja kibandani baridi ilipokuwa imekwisha, mchana, watu wamepanga foleni. Alikuwa na boksi la tende. Alisalimia, akaitikiwa. Akazungukazunguka maneno, kisha akasema lililomleta. "Dada, mama yake Fauzia anakuja kutoka Zanzibar. Anaumwa, hawezi kutembea. Tunahitaji mtu wa kuaminika nyumbani. Nikasema hakuna kama wewe."

Mayasa alizima jiko. Marthe akatoka saluni, kitana mkononi.

"Fahad. Siku ile uliiona simu?"

"Dada, pale palikuwa na kelele nyingi, muziki..."

"Nilikuwa nakutazama. Uliiona?"

Fahad alilihamisha lile boksi la tende kutoka mkono huu hadi mwingine. "Niliiona."

"Ukadhani nataka nini?"

"Nilidhani unataka kushuka."

Hata Salum, aliyekuwa kwenye foleni, aliinamisha kichwa. Mayasa alifumba macho. Watu walidhani atalia, lakini alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Kwa hiyo ulijua nataka kushuka," alisema. "Ulijua. Mama mkwe wako mwuguze wewe na mkeo. Mikono mnayo. Na hizo tende ondoka nazo."

"Dada, nisamehe basi."

"Hukuja kuomba msamaha. Ulikuja kutafuta yaya. Nenda, Fahad, wateja wangu wana njaa."

Alikwenda. Marthe alisimama akilitazama gari likipotea, akasema, "Yule muntu, maman, hana haya hata kidogo," akarudi kumalizia kichwa cha mtu. Mayasa aliwasha jiko akaendelea kukaanga, na sambusa za mchana ule ziliungua nyingi.

Tumesikia Fauzia anamwogesha mama yake mwenyewe siku hizi. Fahad hutuma salamu kupitia kwa Mahmoud, na Mayasa huzipokea salamu tu. Mguu ulipona, umebaki na kovu refu analolificha kwa soksi. Khitma ya mwaka ya Bi Chiku aliisoma chumbani kwake Mayfair pamoja na wanawake wa mtaani, na pilau akapika mwenyewe. Fahad alisoma ya kwake Kensington siku hiyohiyo. Watu wengine walikwenda kote kuwili, wakala mara mbili.