Zote Zinakula Sita

Makala, yale makaa ya kupikia, yakimwagiwa maji, ile harufu hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Kampemba. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami, mkubwa, nilikuwa nimeacha masomo. Mdogo wangu alipopata sifuri ya hesabu, tantine, dada ya baba, alikuja kumchukua akauze mboga naye sokoni.

"Mutoto wa sifuri, masomo ya nini?" alisema.

Nikamwomba angoje. Nikaokota kipande cha makala yaliyokuwa yametoka kuzimwa kwa maji, nikaandika ukutani ile hesabu iliyomshinda mdogo wangu: x/2 + 1 = x/3 + 3.

"Zidisha kwa sita."

Alizidisha zile zenye sehemu tu. Moja na tatu akaziacha vilevile.

"Na hizi, unaziacha sababu gani? Zote zinakula sita!"

Alifuta machozi, akaanza upya, akapata kumi na mbili. Akaiweka mahali pa x: huku saba, huku saba.

Tantine akacheka. "Na weye mwalimu, si uliacha masomo?"

"Niliacha, tantine. Njo maana huyu hataacha."

Nikasimama mlangoni. Tantine akaenda sokoni peke yake.