Fumba Macho, Uonyeshe Walipo Wenzako

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, wingu lilipotushukia njiani tukielekea milima ya juu ya Uvira. Ilikuwa miaka ya uasi hapa Kongo, uhuru ungali mbichi. Askari walikuwa wameingia mtaani kwetu Kalundu, nasi timu nzima ya mpira tulikimbia na mwalimu wetu, kwa kuwa tulizoea kwenda pamoja. Golikipa wetu, Byamungu, tulimwacha nyuma. Risasi ilimkuta mlangoni kwao, na hatukupata hata nafasi ya kumzika.

Unanicheka kwamba nasifu mpira kupita kiasi. Sawa, cheka. Lakini kabla ya mpira kichwa changu kilikuwa kizito, hata hesabu za shule zilinishinda. Mwalimu alikuwa na mtindo wake. Katikati ya mazoezi alikuwa akipuliza filimbi, sisi tunasimama pale pale na kufumba macho. Anataja mchezaji mmoja, "Kashindi iko wapi?" na kila mmoja ananyoosha kidole kuelekea alipo. Anayekosea anazunguka uwanja mbio. Siku zilivyokwenda, kichwa changu kikawa kinabeba wenzangu wote bila mimi kukiomba, na hata darasani nikaanza kushika mambo.

Sasa, katika wingu lile, Kashindi alipotea. Huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, alicheza ubavu wa kushoto. Upande huo wa njia kulikuwa na korongo, na kumwita hatukuweza, maana askari walikuwa chini yetu, tuliwasikia wakikohoa. Niliogopa kwamba ametumbukia.

"Mufunge macho," mwalimu alinong'ona. "Kashindi iko wapi?"

Tulifumba, tukanyoosha. Tulipofumbua, vidole vyote vilielekea mahali pamoja, mbele kidogo, kushoto, penye weupe mtupu. Nilitambaa kwa tumbo kufuata kidole changu, nikamkuta ameketi ukingoni, mguu umeteguka.

"Mbona hukusogea?" nikamwuliza.

"Miye nilibakia ku fasi yangu," akasema, yaani penye nafasi yake ya uwanjani. "Nilijua mutakuja."

Nilimbeba mgongoni. Hapo mwalimu, sijui kwa nini, akauliza tena, "Na Byamungu?"

Macho yalijifumba yenyewe. Mwanangu, vidole vyote vilielekea nyuma yetu, karibu sana, pale anaposimama golikipa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Tulipanda mpaka jioni tukisikia nyayo za mtu mmoja nyuma yetu, na askari hawakutufikia.

Kashindi tulimzika mwaka jana. Wengine wa timu ile wameshatangulia, nimebaki peke yangu hapa mtaani Kimanga. Juzi nilikaa uani, nikafumba macho, nikajiuliza wako wapi. Mkono ulijua. Wamenizunguka, kila mmoja penye nafasi yake, karibu kuliko zamani. Niliogopa, sikufichi, kisha nikafarijika.

Basi nakuusia, cheza. Usicheze ili usifiwe kwa mabao. Cheza mpaka kichwa chako kijue walipo wenzako, maana kichwa kilichofunzwa hivyo hakichanganyikiwi ovyo hata hofu ikikibana. Na ukipotea wewe, kaa penye nafasi yako. Mungu akutangulie mbele, na nyuma akuwekee golikipa asiyelala. Na siku wingu litakapokushukia, wenzako wafumbe macho, na vidole vyao vyote vielekee ulipo.