Matanga ya Mbeba Risasi

Sekondari niliisomea jioni, kule Masasi, kwenye darasa lenye taa moja ambayo nayo ilikuwa ikiwaka ikijisikia. Mchana nilibeba magunia ya korosho, jioni nikabeba historia. Nilifaulu somo hilo kiasi kwamba msahihishaji, nasikia, aliomba likizo akapumzike. Nayasema haya mapema ili mtu asije akauliza mtunza bohari wa Freezone ya uwanja wa ndege wa Dubai kapata wapi ubavu wa kueleza jinsi Mreno alivyofukuzwa Msumbiji. Nusu niliipata darasani. Nusu iliyobaki, ile yenye nyama, niliipata kwenye simu, kwa mzee wa Kimakonde ambaye sikuwahi kumshika mkono.

Alikuwa baba wa mwenzangu wa chumba. Tunakaa Discovery Gardens, kwenye flati ambayo tumebanana humo hadi mende walihama kwa kukosa nafasi. Mwenzangu huyo anafanya usafi kwenye kliniki moja Oud Metha, mtu mpole, mwenye kicheko cha kuazima watu wote. Yeye Mmakonde, mimi Myao, maana yake ni watani. Nina haki ya kumtukana mbele za watu, na akikasirika, aibu ni yake. Utani huo haukomei kwenye vichekesho. Mmoja akifiwa, mtani ana kazi msibani: amwigize marehemu, amseme, awavurugie waombolezaji kilio chao mpaka wacheke. Msiba usio na mtani ni kama ugali bila mboga. Utashuka, lakini unakwaruza njia nzima.

Kila Jumapili mchana mwenzangu alimpigia baba yake Newala kwa video, akaisimamisha simu kwenye kopo la sukari, na flati nzima ikasogea. Mzee alikuwa na hadithi moja tu, ile ya vita, na hakuna aliyeichoka. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Alisema vita havikuanza na bunduki, vilianza na pamba. Mreno aliwalazimisha kulima pamba kwenye mashamba yaliyokuwa yakiwapa mihogo, kisha akainunua kwa bei anayoitaka yeye. Aliyeleta pungufu alipigwa viganjani kwa kibao chenye matundu, matundu yakinyonya nyama. Baba wa mzee alipigwa hivyo mbele ya wanawe. "Pamba hailiwi," mzee alikuwa akisema. Baadaye watu wa uwandani, ule uwanda wa juu wa Wamakonde, walikwenda kwa bwana mkubwa wa Kireno kuomba wajitawale, wakaenda kwa adabu, wakapigwa risasi uani kwake. Waliobaki wakavuka mto kuja kwetu. Waliporudi, hawakurudi mikono mitupu.

Mimi hapo huchomekea ya darasani. Nawaambia wenzangu kwamba Mreno huyo alikuwa mkongwe kuliko wakoloni wote, na maskini kuliko wengi wao. Wenziwe walikuwa wameshafunga virago, yeye kang'ang'ana, anapigana katika nchi tatu za Afrika kwa mpigo na mfuko umetoboka. Ndege zake zilimwaga mabomu uwandani, akawazungushia wanavijiji seng'enge wasiwalishe wapiganaji, na bado barabara zake zililipuka chini ya magari yake.

"Na wewe mzee," huwa namalizia, "hayo yote yakitendeka ulikuwa wapi? Si ulikuwa mpagazi tu?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alibeba masanduku ya risasi kichwani, kutoka mpakani hadi kambini, usiku kwa usiku.

"Bunduki bila risasi ni mwiko wa ugali," alinijibu siku moja. "Ninyi Wayao vita mnavyovijua ni vya kugombea ukoko."

Flati iliangua kicheko, jirani wa chini akagonga dari. Mzee akaniambia siku hiyohiyo, kwa sauti ileile ya mzaha, kwamba akifa nisithubutu kumwacha azikwe kimyakimya kama mgeni. Nije nimseme. Nikamwahidi nitamsema hadi jeneza lione haya.

Alikufa mwaka huu, mwanzoni mwa joto kali. Simu ilimkuta mwanawe akiwa kazini, na tambara la deki mkononi. Viza yake ilikuwa kwenye kubadilishwa, pasi iko ofisini kwa kampuni, na arbab, bosi wake, alimwambia kwa upole wa kweli kwamba avumilie, inshallah wiki ijayo. Maiti haisubiri wiki ijayo. Kwao walizika.

Mwenzangu hakulia. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda akiangalia kopo la sukari. Tulimpikia wali, akaushukuru wali wala hakuula. Chai aliipokea, akaishika mpaka ikapoa. Nimebeba magunia maishani mwangu, lakini uzito wa ukimya ule ulinishinda. Nilianza kuogopa kwamba ataanguka, tena si mimi peke yangu. Mlinzi wa Kikenya anayelala kitanda cha juu yake, mtu wa bara, mrefu kama mnara wa simu, aliacha hata kukoroma.

Huyo mlinzi ndiye aliyepanga matanga. Jumapili, alasiri, sebuleni kwetu. Mama mmoja wa Kiunguja, mpishi wa nyumba ya madam mmoja, ambaye hutulea sote kama watoto wa tumbo moja, alikuja na sufuria ya pilau ambayo lifti iliiona ikakataa kupanda. Viti tukaviondoa, tukatandika mashuka sakafuni. Mlinzi akaomba dua ndefu, ya heshima, akatoa na hotuba kuhusu mzee aliyepigania uhuru. Watu wakaitikia amina. Mwenzangu kakaa ukutani, macho makavu. Sahani ilikuwa mbele yake, kijiko hakijaguswa.

Nikaingia jikoni.

Kwetu, mtani akiingia kila mtu anajua kinachokuja. Hapa palikuwa na watu wa Mombasa, wa Kampala, wa Nakuru, na sikuwa nimemweleza hata mmoja. Nilijifunga shuka kiunoni, nikajitwika katoni la maji ya chupa, nikatoka nikichechemea mguu wa kushoto kama mzee alivyochechemea alipokwenda kufuata miwani yake. Nikaanza kwa sauti yake.

Nikasema mimi ndiye marehemu, nimekuja kudai pilau yangu, maana huko nilikokwenda hawajui kupika. Nikasema nilimshinda Mreno peke yangu, wengine walikuja kupiga picha. Nikalaani pamba, nikamlaani bwana mkubwa mwenye kibao. Nikavuka Ruvuma katikati ya sebule, maji shingoni, nikimkanyaga mtu wa Kampala miguu. Mtoni nikamwona kiboko. Hapo, nikasema, mimi mpiganaji hodari, nililitupa sanduku la risasi majini nikakimbia hadi Newala, na ndiyo maana mnaniona nilioa huko.

Hakuna aliyecheka. Mama wa Kiunguja alikuwa kaziba mdomo kwa ukaya wake. Mlinzi alisimama, na akisimama huyo chumba hupungua. Alinishika mkono juu ya kiwiko, taratibu, kwa namna wanayofundishwa walinzi.

"Boss, hii ni matanga," akasema. "Mzee wa watu amekufa. Toka nje kabla nisahau tunakaa pamoja."

Nikataka kumweleza, lakini mtani haelezi kazi yake, akieleza imeharibika. Nikabaki na katoni kichwani, na mkono wake umenikaza kama koleo. Tukaanza kwenda mlangoni, yeye akisukuma, mimi nikichechemea bado, kwa sababu mguu ulikuwa umeshazoea.

"Hakulitupa."

Ilikuwa sauti ya mwenzangu, imekauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mlinzi akasimama.

"Mtani, usiseme uongo," mwenzangu akasema. "Sanduku hakulitupa. Alilitua chini, akampisha kiboko, akamwamkia kabisa. Alisema yule ni mkubwa kuliko Mreno."

Kisha mabega yake yakaanza kucheza. Nilidhani ni kilio, kumbe ni kile kicheko chake cha kuazima watu. Kilipanda, kikageuka katikati, kikawa kilio, kikarudi kikawa kicheko. Alilia kwa sauti, jirani wa chini akagonga dari, na safari hii hakuna aliyejali. Mlinzi aliniachia mkono. Akautazama mkono wake kama si wake.

"Muwacheni, jamani," mama wa Kiunguja akasema. "Huyo mtani wake. Mie marehemu mume wangu alikuwa na watani wa Kibara, walimzulia mambo kaburini mpaka shekhe akacheka. Mumshike mwenye msiba, si huyo."

Wakamshika. Alipotulia alijifuta uso kwa shuka, akaanza kuisimulia mwenyewe, kutoka pale nilipoiharibu. Alisimulia mabomu, na vijiji vya seng'enge, na jinsi askari vijana wa Mreno walivyochoka kufa kwa ajili ya mashamba ya watu wengine, mpaka maofisa wao huko Lisbon wakaigeuzia bunduki serikali yao. Himaya ya mamia ya miaka ikaanguka nyumbani kwake, huku watu wake wakishangilia barabarani. Niliikuta hiyo darasani, lakini vita vilimwishia vipi mzee mwenyewe sikuwahi kujua, maana mzee alikuwa akilala kabla ya kufika huko.

Mzee alikuwa njiani na sanduku kichwani vita vilipokwisha. Mtu mmoja akamkuta akamwambia, ndugu, khalas, yameisha, Mreno anaondoka. Mzee akauliza, na mzigo huu niupeleke kwa nani? Yule mtu hakujua. Basi akalitua, akalikalia, akatoa muhogo wa kuchoma mfukoni, akaula wote pale pale.

Mwenzangu aliposema hivyo alivuta sahani yake. Desturi inamtaka mwenye msiba amlishe mtani, la sivyo mtani haondoki. Akanipa paja la kuku, akanitua katoni kichwani, na yeye akala. Alikula kama mtu aliyetoka Ruvuma kwa miguu. Mlinzi alikaa karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama wao Wakikuyu nao wana watani mahali popote. Nikamwambia nitamtafutia, lakini kwa urefu ule itabidi niwatafute wawili, wamgawane.

Kabla watu hawajaondoka simu iliwekwa kwenye kopo la sukari. Alikuwa mama wa mwenzangu, katika kanga nyeusi, na nyuma yake watu wa matanga ya kule. Hakumuuliza mwanawe kama amekula wala kama amelala.

"Mtani amefika?" akauliza.

"Amefika, mama," mwenzangu akasema. "Amemzulia baba uongo mtupu."

Yule mama akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia mtu tusiyemwona, akamwambia sasa wanaweza kuanua matanga.